Chumvi Iliyoshuka kwa Mama Kasyoka

Kanyangi,
Jumapili alasiri

Ndinda mwanangu,

Mambo ya nguo, ya chakula na ya kujihadhari na watu usiowajua umeambiwa na kila mtu tangu siku uliyopata kazi. Shangazi yako amekuambia mara mbili. Leo asubuhi mchungaji amekuombea na kukuonya mbele ya kanisa zima, nikakuona umeinamisha kichwa ukizuia kicheko. Mimi sina la kuongeza hapo. Kesho unakwenda Makueni kufundisha watoto wa watu, utakuwa na nyumba yako ya mwalimu, na majirani ambao hawajui wewe ni wa nani. Nataka kukujibu swali uliloniuliza ukiwa mdogo, nami nikakufukuza ukatafute kuni.

Uliuliza, "Mwaitu, kwa nini tunampelekea Mama Kasyoka maji, na yeye ana kisima?"

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichozoea kuandikia. Miaka yote ambayo baba yako alikuwa Mombasa kwenye godauni, barua zetu zilikuwa za Kiswahili, na mpaka leo mkono wangu ukishika kalamu hausikii Kikamba. Mdomo unakisikia, lakini katika jambo hili mdomo wangu haujawahi kunisaidia.

Shamba la chini, lile la nyuma ya zizi, unalijua lilivyo sasa. Hukulijua nilipolikuta. Babu yako alinionyesha mwaka nilioolewa, akasema, "Hapa ndipo utakapotoa cha kupika." Udongo wake mweusi, wa mfinyanzi, ule ambao wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza gunzi la mahindi, na mvua ikinyesha unashika mguu mpaka unaacha kiatu. Ni udongo mgumu kulima lakini haukuwa na choyo. Maharagwe, ndengu, mahindi, kila kitu kilitoka. Mwaka ambao wengine walipata kidogo, mimi nilipata cha kutosha.

Kisha pale karibu na soko kikachimbwa kisima cha mashine. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Maji yalikuwa ya shule na zahanati, lakini bomba lilipita kando ya shamba letu, na kamati ikasema wenye mashamba kando ya bomba wanaweza kumwagilia kidogo. Maji yenyewe yalikuwa na munyu. Si mengi, lakini ulimi uliiona ile chumvi. Wazee walisema ni maji ya ng'ombe. Baba yako akaniandikia nisubiri, tuone kwanza kwa wengine. Mimi nikasema, kama ng'ombe anayanywa na hafi, nyanya itakufa kwa nini?

Nikafungulia mpira wa maji.

Ndinda, msimu ule wa kwanza! Nilitoa nyanya mwezi ambao hakuna mtu Kanyangi aliyekuwa na jani la kijani. Wachuuzi walitoka Kitui mjini kunitafuta mimi, wakiuliza njia, "Kwa yule mama wa nyanya ni wapi?" Wanawake wa kanisa walikuja kusimama pale mpakani kuangalia. Nilianza kutembea kwa namna nyingine. Baba yako alipokuja likizo akasema nimejaza shingo. Sikujua kama anasema mwili au tabia, na sikumuuliza.

Mwaka uliofuata maharagwe yakaanza kuungua pembeni mwa majani, kama mtu amepitisha kibiriti. Nilidhani ni kiu. Nikaongeza maji. Yakaungua zaidi, nikaongeza tena. Asubuhi moja nikaona weupe juu ya matuta, nikafikiri upepo umeleta jivu la jikoni. Nikaligusa jivu lenyewe, nikalamba kidole. Nilijua hapohapo, lakini niliendelea kumwagilia mwaka mwingine mzima. Mtu akishaitwa mama wa nyanya ni vigumu kuwa kitu kingine.

Siku niliyoacha ni siku niliyowakuta mbuzi wetu wamelala chini katikati ya shamba wakiramba ardhi. Hawakuwa wakila chochote, maana hapakuwa na cha kula. Walikuwa wanaramba udongo wenyewe. Mbegu nilizopanda wiki mbili kabla hazikutoa hata moja.

Nilikwenda ofisi ya kilimo. Walinitumia ofisa kijana, mtu wa Migwani, akaja na baiskeli. Alichimba shimo mpaka likamfika magotini, akachukua udongo wa juu akaonja, wa chini akaonja, akatema.

"Mama," akasema, "kila ukimwagilia unaweka chumvi kidogo. Jua likija linachukua maji, chumvi linaiacha. Ni kama sufuria ya maji ya chumvi ukiisahau motoni."

"Basi itatoka vipi?"

"Itatoka na maji, kama ilivyoingia. Lakini si hayo ya mpira. Ya mvua. Mvua haina chumvi."

Nikamwambia mvua imenyesha mwaka huu na haikutoa kitu. Akacheka kwa upole. Akaniambia ingekuwa mchanga, mvua moja nzuri ingeuosha. Lakini mfinyanzi ukishalowa unavimba na kuziba, maji yanateleza juu yakaenda zake, na chumvi imekaa palepale. Hata ikishuka kidogo, jua kali likipiga, udongo unavuta maji juu tena kama utambi unavyovuta mafuta, na chumvi inapanda nayo. Kwa hiyo nifunge mpira kabisa. Nivunje udongo kwa jembe la meno kabla ya mvua ya Novemba, nikate matuta ya kuzuia maji yasikimbie, nitie mbolea ya mbuzi kwa wingi ili udongo ubaki na matundu. Nifunike kwa mabua jua lisiuone. Na upande wa chini nichimbe mtaro mrefu kwenda ndani, ili yale maji yaliyoshuka na chumvi yawe na mlango wa kutokea.

Alipokuwa anapanda baiskeli yake akasema, "Na mtaro ufike mtoni, mama. Usiuache njiani."

Nilimsikia vizuri kabisa. Siwezi kusema sikumsikia.

Mtaro tulichimba na kikundi chetu cha mwethya, wale wanawake tuliokuwa tukisaidiana mashamba kwa zamu. Ulikwenda vizuri hadi kwenye mpaka wetu na Mama Kasyoka. Pale mwamba ukaanza. Zamu yangu nayo ikaisha, kikundi kikahamia kwa mwingine. Mimi nilikuwa nimechoka, na mtaro ulikuwa umetoka kwenye shamba langu. Nikasema maji yatajua pa kwenda.

Mama Kasyoka unamjua, lakini wakati ule alikuwa mtu mwingine. Mumewe alikuwa amefariki muda si mrefu, na alikuwa na binti yake Kasyoka peke yake, ambaye mlikuwa mnalala naye huku au huko, hatukuwa tunahesabu. Alikuwa na mipapai, mchungwa mmoja aliopanda mumewe, na kisima kifupi chenye maji matamu kuliko yote upande huu. Sisi sote tulikuwa tukichota kwake wageni wakija.

Mvua ya kwanza iliniumiza moyo. Udongo uliyeyuka ukawa uji, kisha ukakauka ukaziba kama ukuta uliopigwa lipu. Maji yalisimama kati ya matuta siku nyingi, mbu wakazaa. Nilitaka kuacha. Yule ofisa akapita akaniambia ndivyo ulivyo, chumvi ikianza kutoka, mfinyanzi unalegea na kujifunga, niongeze mbolea na nisiukanyage ukiwa umelowa. Nikakusanya samadi kwa kila mwenye zizi aliyenikubalia. Nikapanda mtama, kwa sababu mtama unavumilia, na mizizi yake ingenifungulia udongo.

Mvua ya pili, asubuhi moja nikateremka nikakuta ukuta wa mtaro unatoa jasho. Matone madogo, yanaungana, yanateremka. Nikaonja. Yalikuwa machungu kama dawa ya minyoo. Nilifurahi mpaka nikakuita uje uonje na wewe, ukatema ukalia, nikacheka. Tangu hapo, kila mvua ikinyesha, mtaro ulitiririka siku kadhaa baada ya mbingu kunyamaza. Ndivyo chumvi inavyotoka kwenye mfinyanzi, polepole, nyuma ya mvua. Nilipanda mstari mmoja wa maharagwe pembeni kama wa kupimia. Yakaota. Majani mawili, kijani mpaka ukingoni. Nikapiga magoti palepale nikamshukuru Mungu.

Baadaye ikaja zamu ya Mama Kasyoka kukaribisha wanawake wa kanisa. Tuliimba, tukasoma, akaenda kupika chai. Maziwa yakakatika. Akaomba radhi, akamwaga, akatuma maziwa mengine kwa jirani, akapika upya. Yakakatika tena, vipande vinaelea juu kama pamba.

"Haya maziwa ya nani?" akauliza. Wanawake wakacheka, mmoja akasema labda ng'ombe ameona mvua akashtuka. Mama Kasyoka naye alicheka, lakini alikuwa amevaa leso mpya kwa ajili yetu, na nilimwona akiikunja pembe yake mkononi.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na mtungi wa maji ulikuwa kando yangu. Nilichota kidogo nikanywa kama mtu mwenye kiu. Nikajua chumvi yangu imefika. Nikaomba chai ya rangi, nikainywa, nikaisifu. Tukafunga kwa sala nikaenda nyumbani.

Yeye ndiye aliyekuja. Hakwenda kwa naibu wa chifu, wala hakuanza kunisema sokoni. Alikuja mchana, nikiwa shambani, akasimama pembeni mpaka nikainua kichwa.

"Mama Ndinda," akasema, "ule mtaro wako unaenda wapi?"

"Unaenda chini."

"Chini ni kwangu."

Nikainamia jembe.

"Maji yangu yameharibika," akasema. "Nilidhani chura amefia ndani. Nimeyatoa yote, nimefagia mpaka mwamba, hakuna chura. Halafu juzi nimetembea mpakani nikaona pale mtaro wako unapoishia. Pameota weupe. Mchungwa unaangusha majani."

Alisema bila kelele. Kama angepiga kelele ingekuwa rahisi kwangu. Nikamjibu, "Mvua ni ya Mungu. Mimi siwezi kuifunga kamba nikaiambia ipite wapi."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyakumbuka, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba yalikuwa mabaya lakini si mabaya sana. Mwaka jana, tukipepeta ndengu, Mama Kasyoka alinikumbusha kwamba niliongeza. Nilimwambia, "Kama maji ya huko hayakupendezi, si uchimbe kwingine." Nikabisha. Nikasema sikusema hivyo. Akaniambia, "Wewe ulisema ukarudi kulima. Mimi ndiye niliyetembea nayo mpaka nyumbani." Basi naamini nilisema. Mjane, mwenye jembe moja, nilimwambia achimbe kwingine.

Baada ya hapo hatukusalimiana. Kanisani alikaa upande wa pili. Alianza kwenda mtoni kuchota maji kwenye mchanga, mbali kule, na mara nyingi nilimwona akipita na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akiangalia mbele. Nawe ukaja siku moja ukaniambia Kasyoka amepita njia ya juu kwenda shule. Nilikuambia mtazoea. Sikuwakataza kucheza pamoja, na yeye sidhani alimkataza wake. Lakini watoto wanaona watu wazima wanavyogeuza shingo, na nyinyi mliona.

Nilijitetea moyoni kwa sababu nyingi. Shamba lilikuwa linaponya watu wanne. Baba yako alikuwa mbali. Mwamba ulikuwa mgumu. Zote zilikuwa kweli, na ndiyo maana zilinisaidia kwa muda mrefu hivyo. Na wakati huo mstari wangu wa maharagwe umekuwa mistari sita. Mvua ilikuwa inaniosha. Kila nikiona majani ya kijani nilijua chumvi yake imekwenda wapi.

Ndipo nikanunua punda, na ndipo nikapata akili ya kukutuma wewe. Kila Jumamosi ulikuwa ukienda mtoni na punda, mitungi minne, na nikakuambia mmoja uuache kwa Mama Kasyoka. Niliona nimefanya jambo kubwa. Usiku nililala vizuri zaidi. Wewe uliuliza kwa nini, nami nikakutuma kuni.

Sijui huko ulipokelewa vipi. Hukuwahi kuniambia na mimi sikuuliza, na hilo nalo ni kosa. Ulikuwa msichana mdogo, unasimama kwenye uwanja wa mtu aliyekosewa, umeshika kamba ya punda, hujui hata kosa ni lipi. Lililokuwa langu kubeba nilikubebesha wewe kwa sababu uso wako ulikuwa mdogo na hakuna ambaye angeukasirikia. Nilijua hivyo nilipokutuma.

Kisha Jumamosi moja ulirudi, ukafunga punda, ukaja jikoni ukasema kama mtoto anavyorudisha salamu, "Mwaitu, Mama Kasyoka ameshukuru kwa maji. Amesema nikuambie una miguu."

Nilikuwa nakatakata sukuma wiki. Nilikatakata mpaka ikaisha, nikaosha kisu, nikafuta mikono. Halafu nikateremka.

Alikuwa anafagia uwanja. Hakuacha.

"Nimekuja," nikasema.

"Nimekuona."

"Maji yako nimeyaharibu mimi."

"Hilo nalijua tangu mchungwa ulipokauka. Umekuja kunipa habari ya zamani?"

"Nimekuja kukuomba njia. Nataka niutoe mtaro pale, niupitishe kando ya mpaka wako mpaka mtoni. Usimwage kwako tena."

"Na nikikataa?"

"Nitaufukia."

"Shamba lako litarudi kuwa jeupe."

"Litarudi."

Akaacha kufagia, akaangalia juu kule kwenye mpaka kwa muda. Alikuwa amelifikiria jambo hili kuliko mimi. "Na ukifukia," akasema, "hii iliyokwisha kuingia kwangu itatokea wapi? Au ibaki hapa iwe mgeni wangu?" Nikatazama kisima. "Chimba," akasema. "Upitishe hapa chini ya kisima, karibu, nao uvute chumvi yangu. Lakini usifikiri nimekusamehe, Mama Ndinda. Nimesema chimba."

Nilichimba kiangazi chote. Kikundi cha mwethya kilikataa kunipa zamu nyingine, na walikuwa na haki, nilikuwa nimekwisha kula zamu yangu. Baba yako alipokuja Krismasi hakunihubiria. Alikwenda akauangalia mwamba, akakusanya kuni, akawasha moto juu yake mpaka ukawa mwekundu, kisha tukaumwagia maji baridi ukapasuka kwa mlio kama bunduki. Likizo yake yote aliimalizia pale. Kurudi Mombasa mikono yake ilikuwa na malengelenge kama ya mtu aliyetoka jela. Sehemu ya mwisho, kati ya kisima na mto, asubuhi moja nilikuta mtu amekwisha kuchimba kipande kabla yangu. Jembe lake alikuwa ameliegemeza kwenye mpapai. Mama Kasyoka akalichukua, nami nikashika langu. Tulichimba hivyo, yeye anatokea chini, mimi natokea juu.

Tukawa tayari, tukasubiri mvua ya kuosha. Haikuja. Ulikuwa ule mwaka wa njaa, wa unga wa njano wa msaada, huo unaukumbuka vizuri. Mtaro wetu ulikaa mkavu na mzuri kama kaburi lisilo na mtu. Kisima chake kilishuka, na kadiri kilivyoshuka ndivyo kilivyozidi kuwa kichungu. Ningeweza kuupiga moto mwamba wa nchi nzima, lakini bila mvua chumvi isingesogea hata kidole. Nilijifunza hapo kwamba kuna kazi yako na kuna inayobaki, na hiyo inayobaki haijali kwamba sasa umejuta.

Mvua iliporudi, ilirudi kama iliyodaiwa. Mto ulishuka kwa kishindo, tukausikia tukiwa vitandani. Asubuhi tulikuta mtaro unakwenda kasi, juu mpaka chini, umepita kisima, umefika mchangani. Tukatoa maji ya kisima kwa ndoo, tukakiacha kijae, tukatoa tena. Msimu huo wote, na uliofuata.

Nikuambie matokeo kama yalivyo. Shamba la chini linazaa tena karibu lote. Umekula maharagwe yake mpaka ukayachoka. Lakini ile pembe ya chini, pale palipokuwa pabaya zaidi, bado ni nyeupe wakati wa kiangazi, na nimepaacha nyasi ziote zenyewe. Kisima cha Mama Kasyoka kinafaa ng'ombe, kinafaa kufua, na siku hizi maharagwe yanaiva kwa maji yake. Mchungwa haukurudi. Ule alikuwa ameupanda marehemu, na hakuna mvua itakayouotesha. Chumvi nyingine tuliipeleka mtoni, mto ukaipeleka mbele. Yule ofisa alisema mafuriko yanaichanganya mpaka haijulikani. Labda. Kuna watu huko chini nisiowajua, na bado hajaja mtu kuniuliza.

Mama Kasyoka na mimi tunasaidiana sasa, umeona. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, na mimi nimeacha kusubiri aseme. Ananipa mwiko wake nikipika msiba wangu, nami namlimia akiumwa. Hilo limenitosha.

Ila kuna moja sikuweza kulichimbia mtaro, nalo ni lako. Wewe na Kasyoka hamkurudi. Mlisalimiana vizuri, mliimba kwaya moja, lakini kulala huku au huko kuliisha na hakukuanza tena, kisha akaolewa Matinyani, ukaenda chuo. Wakubwa tulipatana juu ya vichwa vyenu tukadhani tumemaliza. Hukufanya kosa lolote. Hata yeye hakufanya. Nataka ulijue hilo kabla hujaondoka, kwa sababu nafikiri kwa miaka kadhaa ulidhani ni wewe.

Nilikuwa nimepanga kukuwekea barua hii ndani ya kitabu uikute Makueni. Nimebadili mawazo, ndiyo sababu umeikuta mezani kabla ya chakula. Mchana huu, ukiwa bado kanisani na vijana, Kasyoka alipita hapa, mtoto mgongoni. Akauliza kama ni kweli unahamia Makueni. Nikamwambia aketi akungoje. Akasema jua ni kali kwa mtoto, atakuwa kwa mama yake mpaka kesho. Alikaa kidogo mlangoni baada ya kusema hivyo, halafu akaenda.

Sikutumi, Ndinda. Nilikutuma huko vya kutosha. Nakuambia tu kwamba yuko, na kwamba chakula kinaweza kungoja.

Ni mimi mamako.